Tuling'oa magugu yote kwenye makaburi ya mtaani kwetu Kigamboni, yakarudi mara tatu zaidi. Haya ndiyo tuliyojifunza

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka juzi tulikwenda kumzika baba mdogo kwenye makaburi ya zamani ya mtaani kwetu, huku Kigamboni, na jeneza likashindwa kupita. Ilibidi vijana sita watangulie na mapanga kufungua njia, sisi wengine tumesimama juani na jeneza mabegani. Tulipomaliza kuzika nikatafuta kaburi la bibi yangu ili nimsomee dua. Sikuliona. Nilihangaika kama nusu saa, kanzu ikachanwa na miiba, nikarudi nyumbani sijamsomea. Usiku ule sikulala vizuri.

Mtaa siutaji, ni makaburi ya watu. Ila wenyeji wa Kigamboni wanajua mapori madogo ya namna hii yalivyokuwa mengi enzi ambazo mtu wa mjini alikuja huku kwa pantoni tu. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 viwanja vilipanda bei, greda likapita, vichaka vikaisha kimoja baada ya kingine. Hiki chetu kimenusurika kwa sababu ya waliolala humo. Kina mikongo miwili mikubwa, mimi na kaka yangu tukiikumbatia vidole havikutani. Kina mikole, mifudu, na mibungo inayopanda mpaka juu kabisa. Utotoni tuliokota humo mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, tukachezea bao.

Kilichoziba njia ni mimea miwili ambayo haikuwepo utotoni mwangu, au ilikuwepo kidogo hatukuitambua.

Mmoja ni lantana. Mnaijua kwa sura hata kama jina hamlijui: vishada vya maua madogo yenye rangi mbili tatu pamoja, shina lenye pembe nne na vimiiba, jani ukilifikicha linanuka. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ikasambazwa duniani kama ua la bustani na uzio. Ndege wanakula vitunda vyake vyeusi na kwenda kudondosha mbegu chini ya kila mti wanaotua. Mwingine ni mlusina, mti uliotoka Meksiko na nchi za jirani zake, ukaletwa kwa nia njema kabisa: malisho, kuni, kurutubisha udongo. Yote miwili imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya spishi vamizi (viumbe wageni wanaosambaa na kuwasonga wenyeji) 100 zilizo mbaya zaidi duniani.

Anayeona neno "vamizi" ni kali mno aangalie kunguru wa hapa Dar. Hawa wenye shingo ya kijivu wanaopora chapati mikononi mwa watoto ni wa kutoka India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakafika huku bara. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, leo katikati ya mji unaweza kumaliza wiki hujamwona. Lantana inamfanyia mkole vilevile. Inaupanda, inautandia kivuli, mche mdogo unafia chini yake na hakuna anayesikia.

Basi tukajikusanya watu kumi na mmoja. Tukapata ruhusa ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ya wazee wenye makaburi. Tukachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi wa nchi nzima, kwa kuwa asubuhi hiyo watu wanakuwa nyumbani. Tukafyeka. Jumamosi mbili tu pakawa peupe kabisa, marundo tukayatia moto, tukapiga picha. Kaburi la bibi likaonekana, nikamsomea.

Masika yakaja. Mwezi wa sita nilirudi nikakuta mlusina unanifika kifuani, umebanana kama mchicha kwenye tuta. Visiki vya lantana, kila kimoja kimetoa machipukizi sita saba. Na palipokuwa pabaya kuliko pote ni pale tulipochoma moto. Baadaye nilielewa: mbegu ya mlusina ina ganda gumu, ndiyo maana wakulima huiloweka kwenye maji ya moto kabla ya kuipanda. Mbegu zilizokaa udongoni miaka na miaka zikisubiri nafasi, sisi tulizipa joto na jua kwa mkupuo.

Kuna bibi jirani yetu, umri umepita miaka 80. Alikuja na mkongojo wake, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Wanangu, mmemfukuza mgeni mkamfukuza na mwenye nyumba." Akanionyesha alama za mikole michanga na mibungo tuliyoing'oa bila kuijua. Tulidhani ni magugu kwa sababu ilikuwa mifupi na imesimama katikati ya magugu.

Maneno yale yalituvunja moyo, na watano wakaacha kuja. Wengine tukarudi kujifunza. Kijana mmoja anayesoma mimea pale Chuo Kikuu, Mlimani, akatusimulia habari za Joan na Eileen Bradley, ndugu wawili wa Sydney, Australia, ambao tangu miaka ya 1960 walikuwa waking'oa magugu kidogo kidogo kwenye pori la mtaani kwao, Mosman. Huko Australia lantana ni janga kama kwetu. Walichokigundua ni kwamba usianzie palipoharibika zaidi. Anzia palipo pazima, ndani, ambapo miti ya asili bado ina nguvu, halafu sogea nje taratibu. Udongo usiuchimbue zaidi ya lazima, na majani makavu yaliyotandikwa chini uyarudishe. La tatu ndilo gumu kuliko yote: usifungue eneo jipya mpaka mimea ya asili iwe imejaza lile ulilofungua mwanzo. Mwendo anaupanga mkole, haupangi wewe.

Sisi tulikuwa tumefanya kinyume cha kila neno hapo.

Sasa tunaanzia chini ya mikongo na kwenda nje. Lantana tunaikata juu, tunaacha kisiki cha urefu wa mkono ili pawe na pa kushika, tunalegeza udongo kwa sururu, kisha tunang'oa na shina lake la chini lote, maana ukiacha kile kifundo cha mizizi umefanya kazi bure. Kilichong'olewa kinawekwa juu ya mawe, mizizi ikitazama juu, kikauke. Milusina midogo tunaing'oa kwa mkono mvua ikiwa imenyesha siku mbili tatu, kabla mzizi haujazama. Mikubwa tunaikata kabla haijakomaza maganda, halafu kila mwezi tunavunja machipukizi, mpaka kisiki kichoke.

Na kabla ya mtu yeyote kushika panga, yule bibi jirani anapita kwanza. Ana vipande vya kitenge cha zamani, anafunga kimoja kwenye kila mche wa asili. Chenye kitambaa hakiguswi. Vuli iliyopita alifunga vitambaa mpaka kitenge kikaisha, akatuma mjukuu nyumbani kuleta kingine. Chini ya mkongo mmoja tu tulihesabu miche kumi na tano ya mkongo. Hatukupanda hata mmoja.

Karibuni kwa maswali, na kama kuna mwenye kichaka mtaani kwake atueleze hali.

Mkulima wa Mkuranga

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na kazi yenu naiheshimu, ila mlusina mnausema vibaya. Mbuzi wangu wamevuka kiangazi kwa mlusina. Wataalamu wenyewe ndio waliotufundisha kuupanda, leo tunaambiwa ni adui. Mkulima amsikilize nani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki na sitaki uung'oe shambani kwako. Mti ukiwa unakatwa kila mara na mbuzi wapo, haupati nafasi ya kuzaa. Shida inaanza shamba linapoachwa, au kiwanja kinaponunuliwa kikakaa miaka bila mtu. Pita barabara yoyote ya Dar utazame viwanja vilivyolala: ni mlusina mtupu. Ninachokuomba ni kimoja, ukate kabla maganda hayajawa ya kahawia.

Majani tunayokata sisi yanachukuliwa na wafugaji wawili wa mtaani, kwa hiyo mbuzi wa Kigamboni nao wanafaidi. Tunawakumbusha wachanganye na majani mengine, kwa sababu mlusina una kemikali ya mimosini ambayo mnyama akila mlusina peke yake kwa wingi inaweza kumnyonyoa manyoya. Lantana hatumpi mtu, ni sumu kwa mifugo.

Mama wa Mbagala

Shikamoo kwa bibi mwenye vitambaa, mfikishie. Swali langu: mkikutana na mwarobaini mnafanyaje? Nimesikia nao ni mgeni na unasambaa. Kwetu ni dawa ya familia nzima, siwezi kufikiria mtu anaukata.

Mleta uzi

Marahaba, salamu zitafika.

Dada yangu, hili ndilo lililotugawa kuliko yote. Ni kweli mwarobaini asili yake ni upande wa India, na ni kweli katika pwani yetu unaota wenyewe vichakani. Ndege na popo wanakula tunda wanatupa mbegu. Humo makaburini upo mmoja mkubwa kuliko nyumba yangu. Kijana wa Mlimani alitaka ukatwe. Wazee wakakataa, na nilikuwa upande wa wazee. Chini ya mti ule ndipo watu wanapokaa siku ya mazishi, hakuna kivuli kingine karibu, na nusu ya mtaa wanachuma majani hapo mtoto akiwa na homa.

Tulikubaliana hivi: mzee abaki, watoto wake ndani ya kichaka wang'olewe. Kila Jumamosi watu wawili wanapita kung'oa miche ya mwarobaini wakati bado ni laini kama bizari. Bibi amesema siku mti ule ukianguka wenyewe pawe tayari na mkongo wa kushika nafasi. Kijana hakuridhika sana, lakini bado anakuja, na ndiye anayeng'oa miche hiyo kwa bidii kuliko sote.

Msomaji wa Temeke

Mimi nina jambo zito kidogo. Wazee wetu walitufundisha kwamba mmea mbichi juu ya kaburi haung'olewi, kwa sababu unamsabihi Mwenyezi Mungu na maiti ananufaika nao. Nyie mnang'oa makaburini. Mlimuuliza mtu?

Mleta uzi

Ahsante kwa kuliuliza kwa adabu. Tuliulizia, na tulichelewa, tulipaswa kuuliza kabla ya ile fyeka ya kwanza. Sheikh wa msikiti wetu alikuja mwenyewe akakaa nasi. Naye alilelewa kwenye mafundisho hayohayo. Alituambia njia ya waombolezaji na ya jeneza ifunguliwe bila wasiwasi, na kinachobomoa kaburi kiondolewe. Juu ya kaburi lenyewe, kisichodhuru kiachwe.

Kwa hiyo tunatofautisha. Mzizi wa mlusina unaoinua mawe ya kaburi tunautoa. Nyasi za asili na vimea vidogo juu ya kaburi hatugusi. Nikwambie ukweli, neno lake lilitusaidia hata kwa upande wa kichaka, kwa sababu lilitufunza kutazama kwanza kabla ya mkono kwenda. Nilikuwa nang'oa kila kijani nilichokiona. Sasa napiga goti, naangalia jani, nauliza.

Kijana wa Ubungo

Kiongozi, kwa nini mnajitesa? Dawa ya kuua magugu ipo madukani, nyunyizia mara moja umemaliza. Halafu ombeni miche mia tano taasisi zikupeni, mpande, baada ya miaka mitatu mna msitu.

Mleta uzi

Dawa tumeijadili. Wenye maeneo makubwa wanapaka kwenye kisiki kibichi mara tu baada ya kukata, na inafanya kazi kuliko kunyunyizia hovyo. Sisi tuna visima vya maji ya kunywa bondeni chini ya makaburi, na miche ya asili imechanganyika na magugu kiasi kwamba ukinyunyizia unaua vyote. Tumechagua mikono.

Miche tulishaletewa. Wahisani walikuja na gari la miche ya miashoki, wakapiga picha, wakaondoka. Mwashoki nao kwao ni India! Tuliipokea kwa shukrani tukawagawia watu wapande kwenye nyua zao. Kichakani hatukuingiza. Hapo ndipo ninapotofautiana na kampeni nyingi za mazingira hapa mjini: tunahesabu miche iliyopandwa, hakuna anayerudi baada ya mwaka kuhesabu iliyobaki, na hakuna anayejiuliza kama pale palihitaji kupandwa. Udongo wa kichaka cha zamani bado una mbegu zake. Mibungo iliyoota mwaka huu sijui ililala chini muda gani. Ilihitaji mwanga kidogo na mtu wa kuizuia lantana isirudi.

Ukipata ardhi iliyosafishwa na greda mpaka udongo mwekundu, hapo panda, na tafuta mbegu kutoka miti ya jirani. Palipobaki hata robo ya uhai, linda kwanza kilichopo.

Mkazi wa Kisarawe

Nipo jirani na msitu wa Pugu. Lantana kwenye kingo ipo ya kutosha. Naweza kukusanya vijana ishirini kesho. Tuingie?

Mleta uzi

Msiingie na mapanga bila ruhusa, tafadhali sana. Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, mkikutwa mnakata mtakuwa kwenye kosa hata kama mnakata lantana. Nendeni ofisi ya TFS na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, waelezeni mnataka kufanya nini, ombeni mwongozwe na mtu wao.

Na kule umakini unahitajika mara kumi kuliko kwetu. Msitu ule ni masalia ya misitu ya pwani ya kale, kuna viumbe ambavyo duniani vimebaki sehemu chache mno. Kuna komba wa Rondo, komba mdogo kabisa unayeweza kumfunika kwa kiganja, na huyo anaishi kwenye misitu ya Pugu na Pande, yaani pembezoni mwa jiji la watu mamilioni. Kuna sange anayetembea chini kwenye majani makavu akitafuta wadudu kwa pua yake ndefu. Majani hayo makavu ndiyo shamba lake. Mkiyafagia ili paonekane pasafi mmemnyima chakula. Kuna siku nilimwona sange pale nikiwa na mwanangu, sekunde chache tu, na mpaka leo mtoto anamtaja.

Mkaa ndio umeuumiza msitu ule zaidi ya lantana, hilo sote tunalijua. Lakini panapokatwa mti kwa ajili ya mkaa mwanga unaingia, na lantana inafuata mwanga. Kwa hiyo mkishapewa ruhusa, msiongeze uwazi. Kingo kwanza, kidogo kidogo.

Dereva wa lori

Wakuu niongeze moja. Natokea Arusha mara kwa mara, kule kuna gugu karoti, vimaua vyeupe vidogo, majani kama ya karoti. Linawasha ngozi na kuna watu kifua kinawabana. Mbegu zinakaa kwenye tope la matairi. Huku Dar mkiliona msilishike mikono mitupu.

Mleta uzi

Mkuu, Mungu akubariki kwa hili. Kama unaweza, osha matairi na chini ya gari kabla hujaondoka huko. Wanaoliona hapa Dar waling'oe kabla halijatoa maua, wakiwa na glavu na mikono mirefu, na wamjulishe afisa kilimo wa kata. Kitu kipya kikiwa mashina matano kinamalizwa na mtu mmoja asubuhi moja. Likifika bondeni Msimbazi litashuka na maji mpaka baharini.

Mama wa Mbagala

Mnalipwa chochote? Na wanawake wanakuja?

Mleta uzi

Hatulipwi. Chai na mihogo ya kuchemsha tunachangishana, na wanawake ndio wengi kuliko sisi. Afrika Kusini serikali ilianzisha mpango wa Working for Water mwaka 1995, watu wasio na kazi wanalipwa kuondoa miti vamizi inayonyonya mito. Natamani halmashauri zetu ziige, vijana wamekaa vijiweni na viwanja vimejaa mlusina. Nimeandika barua mbili za kupendekeza, sijajibiwa, na ya tatu nimeshaianza.

Ushauri kwa mgeni: kichakani mna upupu, na upupu ni mwenyeji, hatuung'oi, kwa hiyo usije na kaptula. Kuna manyigu kwenye lantana iliyobanana, tikisa kwa fimbo kwanza. Nyoka tumewaona mara mbili, tuliwapisha wakaondoka.

Mleta uzi (taarifa ya leo)

Nimetoka huko sasa hivi. Mvua ya wiki hii imelainisha udongo, milusina imetoka kwa kuvuta tu. Tumepiga hatua nne kutoka mstari wa mwezi uliopita, basi, hatukuzidisha ingawa vijana walitaka kuendelea.

Kwenye kaburi la bibi yangu, upande wa kichwani, umeota mkole. Tayari ulikuwa na kitambaa cha kitenge.

Tunakutana tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunamaliza saa tatu kabla jua halijakali. Mwenye nia anitumie ujumbe nimwelekeze. Mapanga yanatosha. Sururu ndizo zimepungua, mwenye nayo aje nayo.